Kisirani cha Girzie

Kwetu Shetlandi, visiwa vya kaskazini mwa Uskoti, bahari ya mbali, kule ambako mvuvi akigeuka haoni tena nchi kavu, tunaiita haafu. Wanorwe na Waaislandi wanalo neno hilohilo, kila mmoja kwa matamshi yake, maana sote tumepoteza watu humo.

Mwanamke ninayemshukuru hakuwahi kufika haafu. Girzie Mouat alikuwa na ng'ombe mmoja, kondoo wachache, ulimi mkali, na sifa mbaya kwamba ana kisirani. Mvuvi akikutana naye alfajiri njiani kwenda pwani, hurudi nyumbani, siku imeharibika. Hakuna aliyejua jambo hilo lilianzaje. Basi msimu wa uvuvi Girzie alikuwa akijifungia ndani kila alfajiri mpaka mashua ziondoke.

Alfajiri moja mwanakondoo wake alitumbukia mtaroni. Girzie alikuwa amepiga magoti anamvuta, matope mpaka viwikoni, pale baba yangu, Gibbie Halcrow, nahodha wa mashua ya makasia sita, alipotokea na wenzake watano.

"Wee Girzie! Njia zote hizi, hukuona ila yetu?"

"Kwa hiyo kondoo wangu afe ili nyinyi mle samaki? Piteni bwana, sing'ati!"

"Hapana. Jamani, turudini."

Wakarudi wakisonya. Mashua nyingine mbili zilikuwa zimeshaondoka. Mchana upepo ukageuka, bahari ikachafuka vibaya, na watu wa mashua zile mbili hawakuonekana tena.

Kijiji kikatafuta wa kumlaumu. Ikasemwa Girzie ndiye aliyeita dhoruba, na wanaume wakaanza kupanga kumfukuza kisiwani. Baba akaenda kubisha mlangoni kwake.

"Nimekuja kushukuru, dada."

"Kushukuru nini? Hamkurudi kwa kunipenda. Mlirudi kwa kunichukia."

"Ni kweli. Lakini niko hai."

Akamfungia mlango usoni. Mama yangu, Osla, aliposikia alicheka. Hata yeye angemfungia, alisema.

Mwezi uleule nikazaliwa. Kwetu mwanamke wa kumbeba mtoto kwenda kubatizwa huchaguliwa kwa makini, kwa kuwa bahati yake humwingia mtoto. Mama akaagiza Girzie aitwe.

Bibi akaruka. "Osla, umerukwa na akili? Utamtia mtoto kisirani!"

"Kisirani hicho ndicho kilichonirudishia mume, mama. Na ampe chote."

Girzie akanibeba katikati ya kijiji, mbele ya milango ya wajane. Mjane mmoja, Baabie, akatoka nje. Alimtazama Girzie kitambo, kisha akavua shali lake akanifunika, kwa sababu kulikuwa na baridi. Baada ya siku hiyo hakuna aliyetaja tena habari ya kumfukuza.

Mama alikuwa nyuma yao, akamsikia Girzie akininong'oneza mlangoni pa kanisa: "Usije ukanishukuru, mwanangu. Wewe ishi tu."

Nimeishi, nina wajukuu sasa, na hilo la kwanza nimeshindwa kumtii.