Ulimi wa Baba

Mwalimu wetu wa bayolojia katika Kidato cha Nne alikuwa na imani kubwa na ulimi. Siku tuliyoanza mada ya urithi alituamuru sote tutoe ndimi nje, tujaribu kuzikunja pande mbili ziwe kama mfereji. Wasichana arobaini na kitu, ndimi nje, asubuhi na mapema. Wangu ulikunjika vizuri hata akaniita mbele niwe mfano, nami nikavimba kichwa papo hapo.

Kisha akatupa kazi ya nyumbani: tuchore jedwali, tuandike nani katika familia anakunja ulimi na nani hawezi.

Sasa, nyumbani kwetu Gesima, kumwomba baba atoe ulimi si jambo la mchezo. Baba ni mzee wa kanisa, Msabato wa kufunga shati mpaka kifungo cha juu hata akienda kuchuma majani chai. Jioni nilimkuta akikwangua matope kwenye buti zake. Nikamwamkia, nikamweleza kwa heshima zote kwamba shule inataka kujua habari za ulimi wake.

"Andika hapana," alisema, akarudia buti zake.

Mama, aliyekuwa jikoni akichambua mboga, hakungoja nimalize. "Na mimi pia hapana."

Nikaandika hapana mbili kwa kalamu ya wino, nikapeleka.

Tulikuwa tumefundishwa kwamba kukunja ulimi hutokana na jeni inayotawala: ukiwa nayo, lazima ionekane. Wazazi wawili wasioweza hawana pa kuitoa wampe mtoto. Mwalimu alisoma jedwali langu, akanirudishia bila alama, nijaribu tena. Mwenzangu wa dawati hakunyamaza.

"Wewe uliokotwa steji ya matatu ya Masimba," alisema. "Ulihurumiwa tu."

Darasa likacheka, nami nikacheka. Lakini wiki ile yote niliishi nyumbani kama mpelelezi. Nilichunguza masikio ya mama. Nililinganisha vidole vyangu vya miguu na vya baba alipovua buti. Kila nilipotumwa maji niliwaza kwamba mtoto wa kuzaa hatumwi mara tatu kwa siku. Niliogopa kweli; hata ndizi za kuchemsha ninazozipenda niliziacha sahanini.

Mwishowe nikamwendea magokoro, bibi mzaa baba. Kwetu bibi na mjukuu hutaniana bila mpaka, na yale yasiyoulizika kwa wazazi hupelekwa kwake. Nikamuuliza moja kwa moja kama niliokotwa.

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Yaani ulitaka baba yako akutolee ulimi?"

"Ni kazi ya shule, magokoro."

"Shule yenu haina ensoni?" Ensoni ni ile haya ya heshima kati ya mzazi na mtoto, inayomfanya baba asifanye upuuzi wowote mbele ya binti yake. "Angekuwa si baba yako, angekutolea ulimi mchana kutwa. Amekataa kwa sababu amekuzaa."

Nilitaka sana kumwamini, ila hoja hiyo haikuwamo katika kitabu cha bayolojia.

Jumapili dada yangu mkubwa alikuja kututembelea na mtoto wake wa miezi sita. Mimi nilikuwa natoka shambani na kikapu cha majani chai mgongoni, nikapitia nyuma ya nyumba. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, mjukuu mapajani, kifungo cha juu kimefunguliwa. Alikuwa ametoa ulimi wote nje, ameukunja mfereji kamili, mzuri kuliko wangu, na mtoto anacheka huku akijaribu kuushika. Kwa mjukuu, ensoni haipo.

Nilisimama pale nimejaa furaha hadi machozi yakanitoka. Kikapu kikagonga ukuta. Baba akageuka, ulimi ukarudi ndani, mkono ukaenda kwenye kifungo.

"Hiyo usiandike," alisema.

Sikuandika. Jedwali lilirudi shuleni na hapana zake mbili, mwalimu akaniwekea sufuri kwa wino mwekundu, nami nikaibeba sufuri yangu hadi Gesima kwa madaha, binti wa baba yangu.