Siku Mfereji Uliponyamaza

Ukitaka kukosa usingizi, olewa na mwinjilisti anayejua maji ya dunia yalitoka wapi. Mume wangu Aminiel alijua. Hapa Nkoaranga alifundisha watoto wa kipaimara, na somo la gharika alilipenda kuliko chakula. Aliwaeleza kwamba Mungu aliumba maji kwanza, akayagawa, mengine juu, mengine chini ya nchi; siku za Nuhu akayafungulia yote, kisha akayafunga. Chemchemi ya kule juu korongoni, inayolisha mfereji wetu, alisema, ni mabaki ya yale ya chini. Mimi niliamini, na bado naamini. Ugomvi wetu haukuwa huo.

Ulikuwa mwaka wa elinino. Mvua ilishika tangu kabla ya Krismasi, kahawa ikaoza mitini, na magari ya wale wanunuzi binafsi waliokuja na ruhusa mpya ya serikali yakakwama huko chini barabarani. Binti yetu Hope alikuwa mzazi, kitovu cha kichanga hakijadondoka, na kihamba cha mumewe Elihuruma, nyumba na migomba yake, kiko bondeni, kando ya mfereji uleule. Nikampandisha kwetu; majirani zake nao wakahamia kwa ndugu huku juu. Roho ikatulia kidogo.

Basi Jumamosi moja, mvua inamwagika, mfereji ukaacha kutiririka. Aminiel alifurahi mno. Kesho yake ibadani akatangaza kwamba Mungu amezifunga chemchemi za vilindi kama alivyozifunga zamani, hatari imekwisha, watu wa bondeni warudi makwao. Wakaitikia amina, wakarudi. Hope naye akafungasha, maana kwa desturi yetu mzazi hutunzwa kwa mumewe, na mkwewe alikwisha kuanza kununa.

Mvua haijakatika, mfereji hauna kitu. Hayo maji yamejificha wapi? Nilipomwuliza Aminiel, alinijibu kwamba nina imani ya kuku, kivuli cha mwewe kikipita tu natimua mbio. Sawa. Mchana huo hakuona ugali wangu. Nikateremka bondeni kumsihi Hope atoke. Alikuwa anakunywa mtori, supu ya ndizi ya mzazi, kichanga kifuani, akanijibu kwa upole ulioniudhi.

"Baba amesema zimefungwa, mama. Baba hawezi kunidanganya."

Nilipanda ile njia nikiteleza na kulia. Aminiel nilimkuta anaandaa mahubiri ya shukrani, shukrani jamani, nikamshika koti nikamvuta hadi mferejini. Nilimwambia atazame. Mawe yalikuwa yameloa mvua, lakini hakuna kilichopita katikati yake. Kutoka juu korongoni ilikuja harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, na hakuna aliyekuwa akilima huko.

"Mungu aliahidi hataiangamiza dunia tena," nikamwambia. "Kihamba cha Elihuruma hakukitaja."

Alitaka kunikemea, nilimwona. Mara mti ukavunjika huko juu, halafu mwingine. Ndipo alipoelewa kuwa mlima umeporomoka ukaziba korongo, na maji yote ya mvua yamesimama nyuma ya udongo juu ya vichwa vya watu aliowarudisha yeye. Mume wangu huyu hakuwahi kukubali kosa, hata la kusahau kufunga mbuzi. Alivua viatu akakimbia. Nilikuwa nyuma yake, nikamsikia akipita nyumba kwa nyumba, kwa sauti ileile ya ibadani.

"Nilikosea! Tokeni! Nilikosea!"

Hope alitoka kwa sauti hiyo, si kwa machozi yangu. Tulikuwa tumefika kwenye uwanja wa kanisa korongo lilipofumuka. Tope likashuka na magogo na mawe, migomba ikalala, na nyumba ya Elihuruma ikaondoka na kitanda cha mzazi na sufuria ya mtori.

Jioni jua likachungulia, na upinde wa mvua ukasimama juu ya Mlima Meru. Wanafunzi wake wa kipaimara wakamtazama, wakingoja neno. Aminiel alikuwa amembeba mjukuu. Hakuutazama upinde. Akanikabidhi mtoto.

"Mama Hope," akasema, "kwanza tuhesabu watu."

Tukahesabu, tukarudia tena, nyumba moja baada ya nyingine. Wote walikuwepo. Ndipo alipoinua macho.