Doa Jeusi Juu ya Paa la Lempi

Wifi yangu Lempi Ylitalo alipika chakula cha watoto wa shule mpaka alipostaafu, na simkumbuki mtoto aliyewahi kumrudishia sahani yenye kitu. Hakuolewa. Alibaki katika nyumba ya baba yake, Ylitalo mzee, fundi aliyeezeka nusu ya nyumba za mtaa wetu, hapa kusini mwa Ziwa Superior ambako theluji ikizidi watu hutokea dirishani. Marehemu mume wangu, kitinda mimba wa nyumba ile, alipenda kusema kwamba jina la Ylitalo limeandikwa juu ya mji. Anayetaka kulisoma ainue kichwa.

Na kweli kwetu paa husomwa. Likibaki jeupe, nyumba imetunza joto lake. Likiwa na doa, joto linapenya darini na kuyeyusha theluji, maji yanateremka hadi upenuni kwenye baridi na kuganda tena. Hapo hujengeka tuta la barafu, na maji yanayofuata, yakikosa pa kupita, hurudi nyuma chini ya vigae na kuingia ndani. Wageni hupiga picha zile barafu zinazoning'inia upenuni. Sisi hutazama pembeni, kama mtu aliyeona nguo ya ndani ya jirani kwenye kamba.

Aibu yetu ilianza na shemeji yangu Tauno, mdogo wake Lempi. Aliendesha greda la theluji la mji. Alfajiri moja ya Januari, akiwa amelewa, aliliingiza kwenye baraza ya ukumbi wa kanisa, baraza aliyoijenga baba yake mwenyewe. Hakuumia mtu. Kazi ikaisha, mkewe akamfungia mlango, na Lempi akampokea kwa mlango wa nyuma. Alimpandisha darini akampa kitanda na hita ya umeme, kwa sababu huko chini kila chumba kina dirisha linalotazama mtaa. Walioulizia aliwaambia Tauno yuko Duluth, amepata kazi bandarini.

Theluji iliyofuata ilianguka mtaa mzima sawasawa. Asubuhi mapaa yote yalikuwa meupe, ila la Lempi lilikuwa na doa jeusi, upana wa kitanda cha mtu mmoja.

Urho Harju, jirani wa mbele aliyesoma na Lempi darasa moja, aliegemea koleo lake.

"Lempi, unafuga kuku darini?"

"Vitunguu. Sitaki vigande."

"Basi vitunguu vyako vina homa."

"Shughulika na paa lako, Urho."

"Langu halina habari. Lako ndilo linalonisimulia."

Tangu siku hiyo Lempi aliamka kabla ya watu, akazigonga barafu za upenu kwa mti mrefu ili wanaokwenda kazini wasizione. Jumapili, kwenye kahawa baada ya ibada, watu walimwambia, "Msalimie Tauno," au, "Mwambie Duluth kuna upepo, avae vizuri." Alishukuru, kikombe mkononi, na Jumapili iliyofuata akaleta majibu: Tauno naye anawasalimu, kazi si mbaya. Salamu alizifikisha kweli, kupitia kilango cha darini. Tauno alikuwa akizisikiliza, kisha akigeukia ukutani.

Mwezi wa Machi maji yaliingia. Yalishuka ukutani sebuleni na kuacha doa la rangi ya chai. Lempi alihamisha picha ya mzee ili ilifunike, na tangu hapo baba mkwe akawa anatutazama kutoka kona, karibu na pazia.

Kila vuli wanaume wa usharika hufanya msaragambo kwenye nyumba za wajane na wanawake wanaoishi peke yao. Huziba nyufa kuzunguka bomba la moshi, hulaza sufi ya kuzuia joto kwenye sakafu ya dari, na huzibua matundu ya hewa upenuni. Oktoba hiyo Urho alibisha hodi.

"Jumamosi tunakuja kwako."

"Sihitaji."

"Maji yakivuja tena humu, watu watasema mzee aliezeka vibaya. Na yeye yuko makaburini, hawezi kujibu."

Kulilinda jina la baba ilibidi afungue dari; kulilinda jina la mdogo wake ilibidi aifunge.

"Njooni," akasema.

Jumamosi alimteremsha Tauno kwenye sauna, chumba cha kuogea mvuke chini ya nyumba, akamwambia asikohoe. Mimi nilikuwa nikimimina kahawa Urho alipopitisha kichwa kwenye kilango. Kitanda hakikuwa kimeondolewa. Hita ilikuwa pale, na miwani juu ya mto. Urho alishuka vipandio viwili.

"Hiki kitanda hakiwezi kubaki, Lempi. Sufi lazima ienee sakafu nzima, na hiyo hita izimwe. Tukiruka hapa tu, tuta litarudi."

"Kitoeni nje."

"Na mwenyewe atalala wapi? Duluth?"

Hakuna aliyecheka. Lempi aliiva uso mpaka shingoni.

"Mlijua."

"Tangu lile doa."

"Na salamu zote zile?"

"Tulitaka zimfikie," alisema Urho. "Zilifika?"

Lempi alikaa kitini akajifunika uso kwa aproni. Baadaye aliniambia, "Wifi, kujulikana ningevumilia. Lakini nilisimama pale nikiwaletea majibu ya uongo, nao wakanishukuru."

Tauno alikuwa amesikia. Alipanda kutoka chini akiwa na soksi tu.

"Urho, ile baraza."

"Tulishaijenga."

"Nasikia imeelemea kushoto."

"Imeelemea. Utakuja kuitazama. Kwanza shika ncha hii ya sufi."

Wakapanda pamoja, na Tauno akalaza sufi mahali palipokuwa kitanda chake.

Naandika haya kwa ajili ya wajukuu, maana watu husimulia nusu, tena ile ya ulevi.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, paa la Ylitalo lilikuwa jeupe kutoka ncha hadi ncha. Kitanda kilikuwa chumba cha mbele, na Tauno mezani na kahawa yake, tuliposikia greda likija. Aliinuka kuvuta pazia.

"Liache," alisema Lempi, mwekundu hadi masikioni, macho yake kwenye sufuria.

Dereva mpya aliinua mkono. Tauno hakuinua wake. Alisimama pale pale dirishani, kainamisha kichwa, mpaka greda likapita.