Baba Gaston Alizikwa Kalukuta Nyingine

Théophile alirudi Kasongo kutoka Bukavu na gari kuukuu aina ya jipu, miwani myeusi, na simu aliyoibandika kwenye kioo cha mbele. Ndani ya simu mlikuwa na ramani, na sauti ya mwanamke iliyomwambia kwa Kifaransa mahali pa kugeuka. Mtu aliyezaliwa hapa hapa, aliyekuwa akitumwa sokoni na mama yake tangu meno ya utoto hayajang'oka, sasa hakuweza kutoka sokoni hadi misioni bila kuuliza simu. Siku moja ilimwingiza kwenye uwanja wa shule ya wasichana. Akazunguka mlingoti wa bendera huku wanafunzi wakimtazama, kisha akatoka na uso wa mtu aliyefika alikokusudia.

Odile, mke wa baba yake mkubwa, alikuwa akichambua maharagwe barazani alipoletewa habari hiyo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na katika hayo machache matamu yalikuwa haba.

"Mutu akipotea kwao," alisema, "musipoteze nguvu ya kumutafuta."

Mwisho wa mvua mume wake, Baba Gaston, akafariki hospitalini. Alikuwa katekista wa miaka mingi, na aliomba azikwe Kalukuta, kijiji cha kwao kwenye njia ya Kabambare, kando ya kaburi la mama yake. Odile alitaka mwili upelekwe kwa pikipiki, kama watu wote wa huku wanavyofanya. Salomon, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye baba yake Théophile, akakataa.

"Katekista hapakiwi kama mbuzi," alisema. "Mutoto wangu iko na jipu."

Wakaondoka asubuhi. Théophile kwenye usukani, Salomon pembeni yake, Odile na ndugu wachache nyuma pamoja na sanduku la marehemu. Walipofika njia panda, njia ya Kabambare iliendelea mbele, nyekundu, imechimbwa na magurudumu. Kushoto palikuwa na majani tu na kijia. Sauti ikasema wageuke kushoto.

"Théophile," Odile akasema, "Kalukuta iko mbele."

"Mama mukubwa, hii inatuona toka juu mbinguni."

"Baba yako mukubwa naye iko mbinguni sasa. Yeye hajasema tugeuke."

Salomon akageuza shingo. "Shemeji, mjane hagombani juu ya sanduku. Acha mutoto aendeshe."

Salomon huyo alizaliwa Kalukuta. Njia ile aliipita kwa miguu, kwa baiskeli, na juu ya malori yaliyojaa magunia. Alijua kwamba kushoto si kwao, kama anavyojua jina lake. Lakini jipu lilikuwa la mwanawe, na alipendelea kupotea na jipu kuliko kufika kwa ushauri wa mwanamke.

Wakageuka. Majani yakawa marefu kuliko kioo. Kwenye kijito jipu liligonga gogo, kikasikika kitu kikivunjika chini, Théophile akaongeza sauti ya redio. Mchana wakatokea kwenye kijiji kidogo cha nyumba za udongo. Sauti ikawapongeza kwamba wamefika.

Mkubwa wa kijiji, Moustapha, akatoka nyumbani kwake na kofia yake ya kuswalia.

"Hapa ni Kalukuta?" Théophile akauliza bila kuzima injini.

"Ndiyo, Kalukuta."

Théophile akageuka kumtazama Odile kama aliyeshinda kesi. Salomon akashuka, akarekebisha shati lake.

"Tumewaletea Baba Gaston," akasema.

Moustapha akalitazama sanduku, kisha akawatazama watu wake. "Gaston gani? Hapa hatuna Gaston."

Injini ikazimika yenyewe, na mafuta yakawa yanatiririka mchangani chini ya jipu. Théophile akaingia uvunguni, akakaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Marehemu alikuwa amefariki juzi, na jua halikuwa na subira.

Odile akashuka, akaenda moja kwa moja kwa Moustapha.

"Baba, naomba mahali pa kumulaza mume wangu."

"Mahali iko, mama. Tutachimba."

"Kaka yangu alale kwa watu asiowajua?" Salomon akasema.

"Ni wewe ulimuleta," Odile akamjibu. "Kamata jembe."

Akalishika. Wanawake wa pale, ambao hawakuwahi kumwona Baba Gaston akiwa hai, wakamlilia vizuri, wakapika mihogo na sombe ya majani yake kwa wageni wote. Odile mwenyewe aliongoza sala. Alipokwisha, akalia kwa mara ya kwanza tangu hospitalini, na mke wa Moustapha akamshika mabega.

Kalukuta yenyewe, ile ya njia ya Kabambare, watu walisubiri na kwaya yao kandokando ya kaburi lililo wazi mpaka wakachoka. Mwishowe wakazika mgomba humo, ili shimo lisiite mtu mwingine.

Jipu halikutoka kule tena. Kuku wa Moustapha hutagia kwenye kiti cha dereva. Théophile alirudi Kasongo nyuma ya pikipiki ya kukodi, na bado husema kosa lilikuwa la waliovipa vijiji viwili jina moja.

Odile alirudi kulipalilia kaburi, akarudi tena, na msimu wa kupanda karanga akaomba kiwanja. Sasa ana nyumba kule, na shamba. Mwaka jana Salomon alimtuma mtu kumwambia kwamba ni aibu kwa ukoo, mjane wao kukaa ugenini. Mjumbe alimkuta akimenya karanga na mke wa Moustapha.

"Mwambie niko Kalukuta," Odile akasema. "Kama anataka kunifuata, mutoto wake anajua njia."

Akamsogezea mjumbe karanga, wakala.