Nilimtungia Wairimu Wimbo wa Koti

Nyinyi vijana mtakaosoma hii, wekeni simu chini kidogo. Mimi ni cucu, nyanya wa watu, na sina maneno matamu ya kuwapa. Nilikosa. Nilimkosea mtu vibaya, nikijua nakosea, na nikaendelea tu.

Shule sikuenda. Herufi nilifundishwa katika ngumbaru, shule ya watu wazima, nikiwa tayari na watoto wanne, na Kiswahili changu nilikiokota sokoni Karatina nikiuza viazi. Kwa hivyo msinicheke. Jina langu sitaliandika. Na mwanamke niliyemkosea nitamwita Wairimu, ingawa silo jina lake.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya Uhuru. Huku kwetu Giakanja nyumba nyingi bado zilikuwa za nyasi, na mvua ikinyesha unalala ukihamisha watoto kutoka kona hii hadi ile. Basi sisi wanawake tukaanzisha kikundi cha mabati. Leo tunamwezekea huyu, mwezi ujao yule, mpaka zamu iwafikie wote. Mabati tulikuwa tunayabeba kwa mgongo kutoka barabarani hadi juu kabisa kwa mwenye zamu, na njia nzima tunaimba.

Katika kuimba lazima mmoja atangulie. Anatupa neno, wengine wanaitikia. Na neno la mwenye kutangulia haliulizwi! Akitaja mvivu, mnaitikia. Akitaja mume mlevi, mnaitikia. Hata chifu aliimbwa, akatazama chini akanyamaza, kwa sababu wimbo hauitwi barazani kutoa ushahidi.

Mwenye kutangulia nilikuwa mimi. Watu walikuwa wakinisikia kutoka ng'ambo ya bonde wanasema, haya, wameanza.

Kisha Wairimu akaolewa shamba la jirani. Msichana mwembamba, mpole, asiyejua hata nyimbo zetu. Nilimfundisha mimi mwenyewe, tukichuma kahawa pamoja. Moto wangu ukizimika nilikuwa naenda kuchukua kwake, chumvi yake ikiisha anakuja kwangu. Alikuwa akiniita dada.

Siku moja nilikuwa na kikohozi, mwenyekiti wetu akasema, "Wairimu, hebu tangulia leo." Akatangulia.

Woi! Mabati yenyewe yakawa mepesi. Nilisikia sauti ile nikajua nimekwisha. Yangu ilikuwa na nguvu tu. Yake ilikuwa inaingia ndani ya mtu na kukaa humo.

Sikupewa kutangulia tena. Hakuna aliyeniambia nimeachishwa, kikohozi kilipona na hakuna aliyeuliza.

Baadaye watu wa redio wakaja na gari na mashine ya kunasa sauti. Wakamchukua yeye mbele, sisi nyuma kama miti ya ua. Wimbo ukatoka redioni. Mnajua redio ilikuwa nini siku hizo? Dukani watu walikuwa wanasimama hadi barabarani. Wairimu akajulikana Karatina, akajulikana Kiriaini, akajulikana mpaka kwa wale wa mpunga kule Wang'uru. Akipita sokoni, wauzaji wanamwongezea ndizi za bure.

Mimi niliyemfundisha, ndizi nilinunua!

Mbaya zaidi ilikuwa nyumbani. Mume wangu alikuwa na redio ndogo, na betri zikiisha nguvu anazianika juani ziamke. Nikamwuliza, "Unaanika za nini leo, na habari ni kesho?" Akaniambia bila haya, "Leo anaimba yule wa jirani." Alipoenda kukama ng'ombe, nikazichukua betri nikazitupa chooni. Nilisema ni panya. Ati panya amebeba betri! Mwanamke mzima.

Hivyo ndivyo wivu unavyokufanya. Hata sasa nikiandika inanichoma kidogo, na yeye na mimi hatuna meno.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo kosa lenyewe.

Tuliitwa kuimba Wang'uru, zahanati ilikuwa inafunguliwa. Wairimu alikuwa na mtoto msichana wa miezi minne, akamwacha kwa mama mkwe. Tukapanda lori la mzee mmoja wa Majengo pale Nyeri, mtu wa kuswali, kichwa chote mvi. Saa sita tukiwa katikati ya kuimba mbele ya wageni, maziwa yakaanza kumtoka Wairimu. Blauzi ikalowa yote mbele. Akamaliza wimbo na mikono kifuani, machozi karibu.

Nilimshika mkono mimi. Nikampeleka nyuma ya hoteli moja, mwenye hoteli akatupa chumba. Nilimsaidia kukamua yale maziwa kwa bakuli, nikaifua blauzi kwa mikono hii. Lakini angetoka vipi na nguo iliyolowa? Yule mzee wa lori akabisha mlango, akapitisha mkono tu bila kuingia, akasema, "Binti yangu, chukua koti hili ujifunike." Wairimu akatoka mle chumbani amevaa koti la mwanamume. Watu wakamwona, na waliomjua kwa redio wakaonyeshana kidole.

Mimi nilitoka nyuma yake nimebeba bakuli. Hakuna aliyenitazama mimi.

Mwezi uliofuata, siku ya kuezeka kwa mwenyekiti, nikaomba nitangulie. "Hata mimi niwachangamshe kidogo," nikasema. Wakacheka, wakanipa. Wimbo nilikuwa nimeutunga wiki nzima nikipalilia.

Nikaimba: "Koti la mzee kule Wang'uru, nani alilivaa?"

Wakaitikia: "Alilivaa!"

"Alitoka chumbani mchana kweupe, nani alimwona?"

"Tulimwona!"

Na Wairimu naye aliitikia. Alikuwa amebeba bati kama wengine, akaitikia kwa ile sauti yake nzuri, kabla hajaelewa. Mara ya tatu ndipo nikamwona amefunga mdomo. Akasimama pale njiani, waliokuwa nyuma yake wakampita. Wengine walikuwa wanacheka hadi mabati yanalia.

Na mimi nilisikia raha. Sitawadanganya. Raha ile ilikuwa kama uji wa moto tumboni.

Wimbo ukashuka bonde ukaenda zake. Wachuma kahawa wakauimba. Mama mmoja muuza ndizi akaupeleka Kiriaini, ukarudi umeongezwa pombe. Ukaenda Wang'uru, ukarudi umeongezwa kwamba mtoto mwenyewe ni wa yule mzee wa lori. Mtoto aliyezaliwa kabla hatujapanda lori hilo! Lakini nani anahesabu miezi akiwa anacheka?

Mume wa Wairimu akaja kwangu asubuhi moja nikikata nyasi za ng'ombe. Alikuwa mtu mpole. Kofia mkononi.

"Mama, mke wangu anasema ulikuwa pamoja naye mle chumbani. Niambie tu. Nitaamini utakalosema."

Neno moja lilitosha. Ndiyo. Au hata kutikisa kichwa.

Nikamwambia, "Mimi nilikuwa ninaimba. Sikuona."

Wimbo ungesamehewa, ni mchezo wa vinywa. Lakini neno hilo nililisema nikimtazama machoni. Hilo ndilo ungamo langu.

Wazee wa kanisa wakamwita Wairimu. Mtoto wake alikuwa abatizwe Jumapili ile pamoja na wengine wanane. Wakamwambia mtoto wa mama mwenye aibu habatizwi, mpaka mama asimame mbele atubu. Akasema hana la kutubu. Wakasema basi, mpeleke mtoto nyumbani. Enzi hizo mtoto asiyebatizwa akifa, watu walikuwa wananong'ona hata wakimzika.

Kwa hivyo alisimama. Kanisa limejaa mpaka dirishani, maana watu walikuja kumtazama yule wa redio. Kichwa ameinamisha, mtoto mgongoni. Akaomba msamaha kwa jambo ambalo hakulifanya. Akaomba polepole sana, neno, ananyamaza, neno, ananyamaza. Nilidhani ni haya.

Nilikaa. Nilikuwa na ulimi na miguu, na nilikaa.

Mtoto akabatizwa. Wairimu hakuimba tena. Redioni wakamtoa, ati walete mwenye sifa nzuri. Wakanichukua mimi! Nilisuka kichwa, nikafunga leso mpya. Niliimba, ikatoka mara moja tu. Mume wangu alikuwa amekaa na redio yake mlangoni, akauliza, "Huyu ni nani tena?"

"Ni mimi."

Akasema, "Aa." Akazungusha kile kitufe akatafuta habari.

Na kila nilikoenda kuimba, watu walikuwa wakipiga kelele, "Koti! Tuimbie koti!" Hawakutaka wimbo mwingine kwangu. Wanawake wenzangu nao wakaanza kuninyamazia. Nikifika mtoni, mazungumzo yanakufa. Kila mmoja alikuwa anaogopa nitamtia kwa wimbo. Moto wangu ukizimika nilikuwa nakwaruza vibiriti vyenye unyevu peke yangu, na moshi wa jirani nauona.

Zamu yangu ya mabati ikafika. Wakaja wote, Wairimu pia. Alibeba sehemu yake, akaweka chini, akarudi kubeba nyingine. Mwenyekiti akauliza, "Nani anatangulia?" Hakuna aliyejibu. Nyumba zote za kikundi ziliezekwa kwa wimbo isipokuwa yangu. Mvua ikinyesha juu ya mabati haya mpaka leo, nasikia ule ukimya wao.

Miaka imeenda. Wanaume wetu wamekufa. Mimi na Wairimu tumekuwa tunasalimiana kwenye matanga tu.

Sasa mjukuu wangu, msichana wa sekondari, anapenda sana filamu na waimbaji wa Korea. Majuzi alikaa kando yangu tunachambua maharagwe, akanionyesha simu. Msichana mzuri wa Kikorea, amevaa nyeusi, ameinama mbele ya watu wenye kamera hadi nywele zinagusa meza. Analia.

"Amefanya nini?" nikauliza.

"Cucu, alipigwa picha akiingia kwa nyumba na mwanamume. Watu wamekasirika, hata ametolewa kwa filamu."

"Mwanamume ni nani?"

"Wengine wanasema ni kaka yake. Haijulikani."

"Na wewe umekasirika?"

Akacheka. "Mimi nimeandika tu kidogo. Ati hana haya, akae kwao. Cucu, kila mtu ameandika! Watu maelfu."

"Amekukosea nini, huyo mtoto wa watu?"

Akainua bega. "Aa, huyo anajiona. Ni mrembo sana, na anajua."

Maharagwe yalinimwagikia. Nilikuwa nimesikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwa mdomo wa mjukuu wangu. Na ile shingo iliyoinama, mimi nimewahi kuiona kwa macho, benchi nne kutoka kwangu.

Kesho yake nikachukua fimbo nikavuka bonde. Nilimkuta Wairimu jikoni kwake, macho yake sasa ni hafifu. Akanijua kwa hatua.

"Keti. Umekuja kwa nini?"

"Dada, ule wimbo..."

"Ni wako. Nilikuwepo, nikauitikia."

"Na mume wako aliponiuliza..."

"Alinirudishia maneno yako siku hiyo hiyo."

Nikashuka kwenye kiti nikapiga magoti. Nikasema nisamehe. Akakoroga sufuria yake muda mrefu.

"Unajua siku ile kanisani kwa nini niliomba polepole? Ulikuwa benchi ya nne. Nilikuwa nakupa nafasi. Nikisema neno moja, nangoja. Nikasema moyoni, sasa atasimama. Sasa atasimama. Mpaka maneno yakaniisha."

Mungu wangu! Miaka yote nilidhani ni haya.

"Nisamehe," nikasema tena.

"Nikusamehe hapa, mbele ya nani? Mbele ya kuku? Ulinitukana watu wakisikia. Binti yangu yule ni nyanya sasa, na bado wako wazee hapa sokoni wanamwita wa Koti. Mimi nimezeeka, sina shida. Yeye atabaki na hilo jina mpaka lini? Inuka, dada. Magoti yako si ya kuchezea."

Aliniita dada. Ndilo neno lililonivunja.

Vijana, ninyi mnaoandika kwa kidole kimoja na kurudi kwa chai yenu: mkiona mtu mzuri anatukanwa na roho yenu inasikia utamu, simameni hapo hapo mjiulize utamu huo unatoka wapi. Na kama ulikuwepo, na unajua ukweli, usingoje kuulizwa mara mbili. Mimi niliulizwa mara moja tu katika maisha yangu.

Jana jioni niliita nyumba yangu yote, watoto, wakaza wana na wajukuu. Nikawaambia niliyowaambia nyinyi hapa. Kijana wangu mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa lile lile, akasema, "Mama, haya mambo ni ya zamani, utatuaibisha bure." Mjukuu wangu alikuwa analia, simu amezima.

Nikawaambia: Jumapili hakuna mtu anabaki nyumbani, hata wa kuchunga ng'ombe. Wewe uliye mzee wa kanisa utawaambia wenzako wanipe nafasi baada ya sala ya kwanza. Binti wa Wairimu mtampeleka mkamketishe mbele kabisa, ninyi wote nyuma yake. Nitataja jina la mama yake na jina langu, na bakuli, na koti, na nitasema polepole. Na mtu wa nyumba hii asinishike mkono kunikalisha kabla sijamaliza.