Koko Aliposhuka Korongoni Kuiangalia Nyama

Enzi zetu nyama haikuletwa na boda. Naanza hapo kwa sababu wiki hii yote nimekuwa na hasira isiyopata pa kutua, na nyinyi wa rika langu, mliochunga ndama kabla ya kushika kalamu, ndio mtakaonielewa. Siku hizi hapa Kitengela kijana akitaka nyama anabonyeza simu, anabaki kitandani na soksi zake, na mbuzi anamfikia mlangoni akiwa ameshachomwa na kukatwakatwa, kachumbari pembeni. Halafu analalamika kwamba imepoa.

Msichana mmoja tunayeishi naye ploti moja aliniuliza juzi, "Mathe, nyinyi kwenu si mlikuwa mnawinda swara?" Nilishusha pumzi. Swara tulipishana nao njiani tukienda kuteka maji, wao na shughuli zao na sisi na zetu, na hakuna mtu kwetu aliyewala. Nyama yetu ilikuwa na mwenyewe, ilikuwa na jina, na mama yake tulimjua. Kuipata haikuwa shida. Shida ilikuwa kuitoa pale ilipoangukia na kuifikisha nyumbani, na katika kazi hiyo hakuna viumbe waliowahi kunichosha roho kama morani, vijana wetu wa Kimaasai wa kushika mikuki.

Nakumbuka nyumbani kwetu, upande wa Bisil, korongo lilivyopita nyuma ya boma kama mtu ameipasua ardhi kwa shoka. Tulikatazwa kucheza huko, kwa hiyo ndiko tulikocheza. Wavulana walijenga maboma ya mawe na ng'ombe wao walikuwa kokoto, nyeupe na nyekundu na zenye madoa, na waliibiana hizo kokoto mpaka wakapigana kweli. Sisi wasichana tulijenga nyumba za udongo na kuolewa kila siku asubuhi. Jioni tulirudi na vumbi hadi kwenye kope, tukapewa maziwa yenye harufu ya moshi kutoka kwenye kibuyu, na mama yangu, yeyo, alikuwa akisema, "Wewe Nasieku, hata nzi wanakunawia mikono." Mtoto wa leo ukimwambia hivyo anakununia hadi Jumapili.

Lakini mwaka ninaousimulia hata maziwa hayakuwapo. Ukame ulikuwa umetukamata vibaya. Ng'ombe walisimama tu, mbavu nje, na kondoo wa mkia mnono walikuwa wamebaki na mkia bila unono. Ndani ya hali hiyo yeyo akajifungua mtoto wa kiume, alfajiri, na akabaki amelala upande mmoja bila nguvu ya kugeuka. Mnajua kwetu mama aliyejifungua anapewa nini. Anapewa mafuta ya mnyama yaliyoyeyushwa, anakunywa yakiwa ya moto, ndipo damu irudi na maziwa yashuke. Bibi yangu, koko, mama wa baba, hakuwa na mafuta hata ya kupaka kidole. Alikuwa akimnywesha yeyo maji ya moto yenye majani ya chai. Mtoto alinyonya, akaacha, akalia, na kila alipolia sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mara iliyotangulia. Nilikuwa mdogo, lakini niliogopa.

Asubuhi hiyohiyo Arus, maksai wetu mweusi mwenye madoa meupe, aliteleza akaanguka korongoni na kuvunjika mguu. Baba na wazee wote walikuwa wamepeleka mbuzi mnadani Bisil. Waliobaki ni kaka yangu mkubwa, Lemayian, na wenzake wa rika, morani kamili, nywele ndefu zilizosokotwa na kupakwa udongo mwekundu, wazuri hata mwenyewe unaona. Wakashuka wakamchinja Arus palepale, maana hakuwa wa kuinuka tena. Koko aliposikia alifunga macho akasema, "Mungu ametuona." Akanituma nishuke kuangalia mafuta yanakuja lini.

Kwa nini mimi? Kwa sababu morani hawali nyama iliyoonwa na mwanamke aliyeolewa. Akishaiona tu, hata kwa mbali, basi, kwao hiyo nyama imekufa mara ya pili. Sisi wasichana wadogo macho yetu hayakuhesabiwa. Kwa hiyo akina mama wote wa boma walibaki juu, wamegeukia upande mwingine, na mimi nikawa wa kupanda na kushuka.

Nilipofika, Arus alikuwa ameshachunwa na kulazwa vipande vipande juu ya matawi mabichi ya leleshwa. Harufu yake, ya damu na majani, bado naipata nikipita buchari asubuhi. Mpango wao ulikuwa kuitoa nyama yote hadi kwenye kichaka kilicho juu ya korongo, baba akirudi aigawe kama inavyotakiwa: ya wazee, ya morani, ya akina mama. Mpango mzuri. Walianza kwa kufunga mapaja kwenye mti mrefu, mmoja mbele, mmoja nyuma. Sasa huyu wa mbele alikuwa mrefu kama mlingoti na huyu wa nyuma alinizidi mimi kidogo tu, na badala ya kubadilishana na wengine walikataa, kwa sababu wa mbele alisema yeye hatembei nyuma ya mtu. Kila hatua nyama iliteleza ikamrudia yule mfupi kifuani. Katikati ya mteremko akaachilia. Mti ukaenda huku, mapaja yakabiringika mpaka chini kwenye mchanga, na hao wakaanza kuulizana ni kosa la ukoo gani.

Wakaja na akili nyingine. Wakatandaza ngozi ya Arus, wakapakia nyama juu yake, wakavuta kwa kamba kama wanavyovuta ng'ombe asiyetaka dawa. Kwenye mchanga ilienda vizuri, wakaimba hata. Kwenye mawe ngozi ikachanika katikati. Ile ngozi ndiyo ingekuwa ya kulalia yeyo! Nilipiga kelele, nikaambiwa nyamaza, wewe ni mtoto.

"Basi nipeni mafuta ya figo peke yake," nikasema. "Nitabeba mimi. Yeyo hana nguvu."

Hapo ndipo walipokaa chini. Nasema kweli, walikaa chini, mikuki yao imesimamishwa mchangani, wakaanza kujadili. Yule mrefu akasema mafuta yakifika nyumbani yataonwa na akina mama. Mwingine akasema kuonwa mafuta si kuonwa nyama. Mrefu akauliza, je, hayo mafuta yametoka kwa ng'ombe mwingine? Ng'ombe ni mmoja, akionwa kipande ameonwa wote. Wakalipindua hilo neno huku na huku kama mahakimu waliolishwa vizuri. Juu yetu tai walikuwa wameanza kuzunguka, jua lilikuwa limeshapita utosini, na huko nyumbani mtoto hakuwa akisikika tena. Nilimtazama Lemayian. Aliangalia chini akachora mchanga kwa fimbo. Alikuwa akimpenda yeyo kuliko sisi wote, na hakuweza kusema neno mbele ya wenzake.

Mwisho wakaamua. Nyama haipandi. Watawasha moto pale pale, wakae wale mpaka iishe, na baba akirudi ataletewa fungu lake na mafuta yapelekwe kwa utaratibu. "Mwambie koko asubiri," yule mrefu akaniagiza, ameshaanza kuchonga vijiti vya kuchomea.

Nilipanda mbio nikilia kwa hasira. Nikamkuta koko mlangoni, amempakata mtoto, nikamweleza yote kuanzia mti hadi ngozi hadi vijiti. Alimpa mtoto mama mdogo, akatafuta fimbo yake, akakaza shuka, akaanza kuteremka korongoni kwa miguu yake iliyovimba magoti.

Walimwona akiwa bado mbali. "Koko, rudi! Kuna nyama!" Wakaruka wote. Wakavunja matawi, wakafunika, mmoja akalala juu ya mbavu na mikono ameitandaza. Yule mrefu alivua shuka yake akaifunika nundu, akabaki kama alivyozaliwa mbele ya bibi wa watu. Koko hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Alifika, akatafuta jiwe zuri, akaketi. Kwa ncha ya fimbo akainua matawi taratibu, moja moja.

"Nimeona paja," akasema. "Nimeona paja la pili. Nimeona kidari. Wewe, inuka, nimeona mbavu. Nimeona maini. Nimeona figo na mafuta yake." Akaivuta ile shuka kwa fimbo. "Na nundu nimeiona."

Vijiti vilianguka. Hawakuwa wamekula hata kipande, njaa ya ukame iko kwao kama ilivyokuwa kwetu, na mnyama mzima aliwatoka mikononi bila mtu kumgusa. Lemayian alifunika uso. Koko akawaangalia akawaambia, "Sasa si chakula chenu tena. Ni mzigo tu. Bebeni."

Basi mngeona nyama ilivyopanda. Akina mama walishuka na kanda zao za kubebea kuni, wakazipitisha kwenye paji la uso, na kila mmoja akachukua kipande chake bila mjadala wa ukoo wala wa nani yuko mbele. Morani walibeba yaliyobaki, kila mtu na mwendo wake. Jua lilipokuwa likiingia, mafuta yalikuwa tayari yamechemka chunguni. Koko alimwinua yeyo kichwa akamnywesha. Jasho likamtoka yeyo usoni, akapumua, akaomba tena. Nje Lemayian alikuwa amekaa peke yake, ameupa mgongo ule moshi, tumbo linamnguruma mpaka nalisikia. Niliogopa kumsogelea. Yeye ndiye aliyeniita, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Yeyo amekunywa?"

"Amekunywa."

Akaitikia kwa kichwa, basi. Kesho yake mtoto alilia kwa sauti ya kuamsha boma, na hakuna kelele niliyowahi kuipenda hivyo.

Sasa nije kwenye hasira yangu. Wikendi iliyopita tulikutana nyumbani, familia nzima. Yeyo amezeeka, meno yameisha, haombi kitu. Safari hii aliomba supu ya maksai, yenye mafuta. Wavulana wetu wa Kitengela na Rongai wakasema tuachieni sisi. Wakaenda kuchinja ng'ambo ya korongo, kwa sababu huko, walisema, picha zinatoka vizuri. Mvua ilikuwa imenyesha. Pikapu ikaingia kwenye ule udongo mweusi ikazama hadi tumboni. Yeyo akakaa mlangoni na kikombe chake kitupu mapajani, akiuliza kila baada ya muda kama wamefika. Mwishowe nikaenda mwenyewe.

Niliwakuta wameketi juu ya kreti za soda. "Anti, tulia," mtoto wa ndugu yangu akaniambia. "Tumeita boda, iko njiani kutoka Bisil."

"Na nyinyi mabega mmeacha wapi?"

"Hii nyama iko na uzito, anti, wacha tu," mwingine akadakia. "Na network ya huku ni bure kabisa."

Watu wazima, wenye misuli ya kulipia gym! Sijui ni nini kilichonipanda kichwani. Nilitafuta jiwe, nikaketi. Nikasema kwa sauti, "Nimeona paja. Nimeona paja la pili. Nimeona kidari. Nimeona mbavu." Nikafika hadi kwenye nundu. Nikangoja.

"Eeh, iko fiti, si ndiyo?" yule wa kwanza akasema. "Nikukatie kipande?"

Hakuna kijiti kilichoanguka. Nilikaa pale juu ya jiwe nikajisikia mjinga, na mpweke kuliko nilivyotegemea. Wote walinitazama, macho yao mazima, na hakuna aliyekuwa na kitu cha kupokonywa. Mwisho nilifunga mafuta na mifupa kwenye leso yangu nikabeba mwenyewe, na ndipo nilipogeuka nikamwona Lemayian. Alikuwa amenifuata, mzee wa magoti mabovu na koti kubwa, amesimama ukingoni juu. Alikuwa amesikia kila neno.

Boda ilifika, nyama ikafika, tukala. Lemayian ni mzee, mwiko ule ulimwacha zamani, anakula nyama yoyote mbele ya yeyote. Lakini sahani ya nyama ilipomfikia aliipitisha kwa jirani bila kuigusa. Vijana wakamcheka: mzee, ni presha? Ni daktari? Alinitafuta kwa macho, mimi nikiwa mlangoni kwa yeyo na kikombe chake cha supu mkononi, akaniuliza kwa Kimaasai, kwa sauti ya chini kama siku ile:

"Yeyo amekunywa?"

"Amekunywa," nikamwambia.