Mrija wa Shaba wa Kupikia Sabuni

Mwalimu alisema sabuni inayopikwa kutwa nzima kwenye pipa inaweza kuiva kwa dakika moja na ushee, ikipitishwa ndani ya mrija mwembamba wenye moto wa kutosha. Alikuwa mwalimu mstaafu wa kemia, mtu wa bara, jirani yetu pale Vingunguti. Mie nikamwamini nusu. Nusu nyingine niliiweka akiba.

Miaka hiyo sabuni za nje zilikuwa zimejaa madukani, zina karatasi na harufu ya maua. Ya dada yangu, ya mafuta ya ng'ombe wa machinjioni, ilinuka ilikotoka, na kila upishi ulikula mzigo mzima wa kuni. Ama tupike haraka, ama tuache.

Mrija ulikuwa kwa fundi friji, mzee mmoja wa mtaa wa pili. Nilipatana naye siku mbili. Mwisho tukakubaliana: tuujaribu mpaka Ijumaa. Ukirudi mzima, hatudaiani. Ukiharibika, anachukua pipa la dada, nalo ndilo pipa pekee tulilokuwa nalo, ndilo lililotulisha. Dada aliambiwa baadaye.

Mwalimu akauviringisha mrija mizunguko kumi na tisa. Nilihesabu mara mbili, maana yeye alisema ishirini. Kabla ya moto tulipitisha maji ya bluu ya kufulia, nikahesabu tangu yanaingia mpaka yanatoka: sabini na mbili. Nikarudia: sabini na moja. Mwalimu akaandika sabini na mbili, nikamwacha.

Kisha tukauzamisha kwenye debe la oili chafu ya magari, juu ya jiko la mkaa. Upande mmoja pampu ya mkono, ya kupulizia dawa shambani, inasukuma mafuta yaliyochanganywa na maji ya kostiki, yale magadi makali ya sabuni. Upande wa pili Mwalimu akaubana mdomo wa mrija kwa koleo.

"Unaubania nini tena, Mwalimu?"

"Maji yasichemke humo ndani. Yakibanwa yanapata moto zaidi bila kuwa mvuke. Wewe sukuma, usiache hata kidogo. Sabuni ikisimama kwenye mkia ulio nje ya oili, inaganda."

Nikasukuma. Ukatoka uji mzito, wa kijani kidogo kwa ajili ya shaba, ukaganda kwenye sinia. Dada akamega, akanawa mikono. Povu. Akanawa mara ya pili.

Ndipo fundi akaingia uani kutazama mali yake. Mzee umri wa baba yetu. Nasi kwetu mzee haamkiwi umekaa, mikono ina shughuli nyingine. Nikaacha pampu, nikasimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hamjambo humu?"

"Hatujambo. Mguu unaendeleaje?"

"Unavuta, lakini twaenda."

"Pampu!" akasema Mwalimu.

"Naam, Mwalimu, namalizia. Na wajukuu, Mzee?"

Wajukuu walikuwa saba, na kila mmoja alikuwa na habari yake.

Niliporudi, pampu ilikuwa ngumu kama ukuta. Nikakandamiza kwa uzito wangu wote, na hilo likawa kosa la pili. Mrija ukapasuka karibu na koleo, sabuni ya moto ikapiga ukutani. Hakuungua mtu.

Fundi akautazama ufa. "Ulisema unarudi mzima."

"Mzee, umepasuka kwa ajili ya heshima yako."

"Heshima nimeipokea. Pipa liko wapi?"

Nikambembeleza aje Jumatatu. Akakataa. Dada mwenyewe ndiye aliyelitoa pipa, akalipangusa kwanza. Fundi alipoinama kuokota na mrija, dada akamwahi:

"Huo uache, Mzee. Nimeshaununua kwa pipa langu."

Fundi akanitazama mie. "Kumbe nilipatana na mtu asiye mwenyewe," akasema, akaenda na pipa lake akilibingirisha.

Mwalimu akakata sehemu mbovu kwa msumeno, akanyoosha mzunguko mmoja uwe mkia mpya, mfupi. Dada akavuta kigoda, akakaa kwenye pampu. Mie nikapangiwa mlangoni, kuamkiana na wageni.